Kumtafuta chui milia wa Kanha kwa masikio

Miaka 14 nimeendesha watalii Serengeti, kazi ya macho. Nilipofika Hifadhi ya Kanha, katika jimbo la Madhya Pradesh katikati ya India, macho hayakunifaa. Msitu wa miti ya sal umefunga. Chui milia anaweza kulala hatua chache kutoka barabarani usimwone. Kule unasikiliza milio ya wanyama wanaomshtukia.

Kibali kata mapema kwa namba ya pasipoti, na uende nayo getini. Julai hadi Septemba hifadhi hufungwa kwa mvua. Desemba na Januari gari la wazi alfajiri ni baridi kweli, beba blanketi. Ukitetemeka, husikii kitu.

Mkiingia, mwombe dereva (mwite bhaiya, yaani kaka) azime injini karibu na maji. Kaeni kimya dakika 10. Langur, kima wa uso mweusi, huona mbali toka juu mtini, na akishtuka hukohoa kikavu. Chital, kulungu mwenye madoa, hulia kwa sauti nyembamba inayokatika. Usikurupuke kwa mlio wa chital mmoja, maana hata bweha humtisha. Msubiri sambar. Huyu ni kulungu mkubwa wa kahawia, hashtuki ovyo, na mlio wake ni mzito kama honi ya lori iliyoguswa mara moja. Akirudia-rudia huku mkia umesimama na anapiga guu chini, tazama anakotazama yeye. Mimi siku mbili nzima nilimkodolea macho sambar mwenyewe.

Nyayo za chui milia nazo zisome: zikiwa juu ya alama za tairi, amepita baada ya gari lililotangulia.

Akitokea, msimkatie njia. Niliona magari 6 yamembana mama na watoto wake, akarudi porini bila kufika majini. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Halafu, tafadhali, usiondoke bila kuwatazama barasingha, kulungu wa pembe zenye matawi mengi. Mwaka 1970 walihesabiwa 66 tu, na aina yao hiyo ya kwato ngumu ilikuwa imebaki Kanha peke yake. Walijengewa uzio wazaliane bila kuliwa, nyasi zikatunzwa, leo ni mamia. Wanalisha kwenye mbuga za wazi, nyingine zikiwa mashamba ya zamani ya Wabaiga na Wagondi, makabila ya wenyeji waliohamishwa; mwulize bhaiya kijiji kilikuwa wapi. Mwanzoni mwa Januari madume huning'iniza nyasi kwenye pembe na kuita majike. Hapo pia zimeni injini.