Namna ya Kusoma Shahada ya Maendeleo ya Binadamu na Taasisi

Mwanafunzi anayejiandikisha katika shahada ya kwanza ya maendeleo ya binadamu na taasisi hukutana mapema na swali linalomtia wasiwasi: anasomea nini hasa? Jibu ninalolipendekeza ni kwamba anasomea jinsi mtu na mazingira anamolelewa, anamosoma au anamofanyia kazi vinavyoumbana. Ukilishika jibu hilo tangu mhula wa kwanza, masomo ambayo kwenye ratiba yanaonekana kuwa mchanganyiko wa saikolojia, sosholojia, uongozi, sera na takwimu yataanza kuonekana kuwa somo moja.

Kwa hiyo, anza kwa kumsoma Kurt Lewin kwa utulivu. Mwaka 1936 mwanasaikolojia huyo aliandika kwamba tabia hutokana na mtu pamoja na mazingira yake. Kauli hiyo ni nyepesi kuikariri na ni ngumu kuiishi, kwa maana tumezoea kumlaumu mtu pale kosa linapotokea na kuusahau mpangilio uliomzunguka. Mwanasaikolojia wa makuzi ya watoto, Urie Bronfenbrenner, aliipanua fikra ya namna hiyo kwa kuyaeleza mazingira ya mtoto kama duara zilizo ndani ya duara: familia na shule zikiwa karibu, kazi ya wazazi ikiwa mbali kidogo, sheria na utamaduni vikizunguka vyote. Naye Edgar Schein, mtaalamu wa taasisi, aliutazama utamaduni wa taasisi katika tabaka tatu, yaani mambo yanayoonekana kwa macho, maadili yanayotangazwa, na imani za ndani ambazo wahusika wenyewe hawazisemi kwa sababu wanaziona kuwa ni hali ya kawaida. Ukiwaelewa vizuri watatu hawa utakuwa na mahali pa kuwaweka wengi watakaofuata.

Hata hivyo, nadharia pekee haitoshi, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza miaka. Chagua taasisi moja ambayo unaweza kuifikia mara kwa mara, iwe maktaba, zahanati, timu ya michezo au chama cha wanafunzi, kisha iangalie kwa muda wote wa masomo yako. Weka daftari lenye safu mbili. Katika safu ya kwanza andika ulichokiona na kukisikia, na katika ya pili andika unavyokifasiri. Ukiandika kwamba wanachama hawajali, hiyo tayari ni tafsiri; ukiandika kwamba walihudhuria watu tisa, wakazungumza watatu, na mwenyekiti akawakatiza wawili kati yao, huo ndio ushahidi. Baada ya hapo jiulize kama ukimya ule ulitokana na tabia za watu wale au na jinsi kikao kilivyoendeshwa. Zoezi hili linachosha katika wiki za mwanzo, lakini sijui njia nyingine inayomfundisha mtu kutenganisha alichokiona na alichokidhani.

Usiliahirishe somo la takwimu hadi mwaka wa mwisho kwa sababu ya hofu. Katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Namba zilionyesha kinyume chake: timu bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba wauguzi wa timu hizo hawakuogopa kuyasema makosa yao. Asiyejua takwimu asingeuona uhusiano huo, na aliyetegemea takwimu pekee angewaadhibu walio wakweli; ndiyo maana unahitaji kuzijua hesabu na vilevile kujua kufanya mahojiano.

Tahadhari ya namna hiyo inahitajika unaposoma tafiti mashuhuri. Majaribio yaliyofanyika kati ya 1924 na 1932 katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, husimuliwa kama uthibitisho kwamba wafanyakazi huongeza juhudi wakijua wanaangaliwa, ilhali wachambuzi waliozipitia upya data za majaribio ya kubadilisha mwangaza wa taa kiwandani humo walikuta ushahidi wenyewe ni dhaifu kuliko simulizi. Jenga mazoea ya kuuliza walichunguzwa watu wangapi, walipatikanaje, na walilinganishwa na nani.

Kazi za vikundi zitakuwa nyingi, nawe usizichukulie kama kero. Kubalianeni kwa maandishi, siku ya kwanza, nani anafanya nini na mtaamuaje mkitofautiana, kisha angalieni makubaliano hayo yanavyovunjika. Hiyo ni maabara yenu.

Mafunzo kwa vitendo yanastahili maandalizi makubwa zaidi, kwa kuwa ndiyo yatakayokuonyesha kama moyo wako uko katika rasilimali watu, mafunzo ya wafanyakazi, ushauri wa taasisi, afya ya jamii au sera za elimu. Omba nafasi itakayokuwezesha kushuhudia maamuzi yakifanywa, hata kama kazi yako itakuwa kuandika kumbukumbu za vikao tu, kwani anayeandika kumbukumbu husikia mengi kuliko anayepewa cheo kizuri kwenye chumba cha peke yake. Mweleze msimamizi tangu mwanzo kwamba unaandika kwa ajili ya masomo, omba ridhaa kwa kila unayemhoji, na ondoa majina kwenye daftari lako. Watu wanaokuamini kwa kukupa habari za kazini kwao wanaweza kudhurika kwa uzembe wako.

Ukifika mradi wa mwisho, usiishie kumkabidhi mhadhiri ripoti. Andika muhtasari wa kurasa mbili, usio na istilahi hata moja ya darasani, uupeleke kwa watu uliowachunguza, na ukae nao wakiusoma. Pale watakapokuambia kwamba hukuwaelewa, usijitetee. Chukua daftari, fungua safu ya kwanza, na uandike maneno yao kama walivyoyasema.