Maumivu ya chembe cha moyo na mbavu baada ya kujifungua: anza na presha

Mama aliyejifungua akisema anaumwa chini ya chembe cha moyo, au kwamba mbavu za chini zinambana, watu wa nyumbani huwa na jibu tayari: ni kiungulia, ni gesi, ni uji wa pilipili manga. Mara nyingi wanakuwa sahihi. Hata hivyo ninaomba jibu hilo lisitolewe kabla mama hajapimwa presha, kwa sababu presha ya ujauzito, ile inayoweza kufikia kifafa cha mimba, haiishi siku mtoto anapozaliwa. Inaweza kujitokeza ndani ya wiki sita zinazofuata, hata kwa mwanamke ambaye vipimo vyake vyote vya kliniki vilikuwa vizuri, na mojawapo ya dalili zake ni maumivu hayo hayo ya juu ya tumbo, hasa upande wa kulia liliko ini.

Mdogo wangu alianza kuumwa hivyo usiku wa siku ya sita, huku kichwa kikimgonga. Asubuhi tulimnunulia dawa ya kiungulia katika duka la dawa la mtaani, akaitafuna, akalala. Jioni jirani alipotuhimiza twende zahanati, mashine ilisoma 170 kwa 110. Alitibiwa akapona, lakini siku nzima ilikuwa imepita.

Kipimo chenyewe kinahitaji utulivu. Mama akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikiwa sakafuni bila kupishana, na mkono ukilala juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, aonwe na mtaalamu siku hiyo hiyo. Namba ya juu ikifika 160 au ya chini 110, hiyo ni dharura hata kama mama anaweza kutembea na kucheka. Maumivu yakiambatana na kichwa kikali, kuona maruweruwe, kutapika au uso kuvimba, aende hata kama nyumbani hakuna mashine.

Kuna dharura nyingine mbili zinazojificha kifuani. Ya kwanza ni damu iliyoganda kwenda mapafuni: maumivu huchoma mama anapovuta pumzi, pumzi hukatika ghafla, pengine anakohoa damu au mguu mmoja umevimba na kuuma. Ya pili ni moyo kudhoofika, tatizo linaloweza kuanza mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Kwa sisi wa Mwanza tunaoishi mitaa ya juu ya mawe, Igogo au Bugarika, ni rahisi kusema anahema kwa sababu ya mlima. Basi muulize analalaje. Mama anayeshindwa kulala chali mpaka aegemezwe mito, au anayeamka usiku akitafuta hewa, hasumbuliwi na mlima.

Presha ikiwa nzuri na dalili hizo hazipo, ndipo tuangalie mambo ya kawaida. Kiungulia huunguza kuelekea kooni na huzidi mama anapolala mara baada ya kula. Apewe chakula kidogo kidogo, pilipili ipunguzwe, akae wima saa mbili au tatu kabla ya kulala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hurudi nazo nyumbani baada ya upasuaji, zinaweza kuunguza tumbo. Azinywe akiwa amekula, na maumivu yakizidi arudi kwa aliyemwandikia.

Mkaja nao unastahili kuangaliwa. Kanga iliyokazwa juu karibu na mbavu husukuma tumbo kuelekea kifuani, na mama hubaki akilalamikia kiungulia ambacho dawa haikiondoi. Ifungwe chini, usawa wa nyonga, vidole viwili vipite kwa urahisi, na ifunguliwe wakati wa kulala. Aliyepasuliwa amuulize kwanza muuguzi wake.

Maumivu ya mbavu zenyewe hutambulika kwa kidole: ukibonyeza mahali fulani, mama anasema ni hapo hapo. Mbavu hutanuka wakati wa ujauzito, kisha mama hujikunja juu ya mtoto kila anaponyonyesha. Mtoto aletwe kwenye ziwa, si ziwa kupelekwa kwa mtoto. Mto uwekwe mapajani na miguu iegemee kigoda. Kitambaa cha uvuguvugu na parasetamoli kwa kipimo chake husaidia.

Mawe kwenye kifuko cha nyongo ni ya kawaida baada ya ujauzito, kwa kuwa homoni huchelewesha nyongo kumwagika. Maumivu hushika chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta, pengine sangara wa kukaanga, na huenda mgongoni au bega la kulia. Kipimo chake ni ultrasaundi. Homa au macho ya njano hayasubiri miadi. Mama wa visiwani au mwaloni mwenye tumbo la juu linalojaa na kuwa zito kwa muda mrefu apimwe pia kichocho, kwani kile cha tumbo hudhuru ini na bandama.

Safari ikilazimu usiku, piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Aliye visiwani, Ukerewe au Kome, apige mapema, kwa kuwa maji huongeza saa. Zahanati ndiyo itakayoamua kama kuna haja ya rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Mkifika mapokezi, neno la kwanza liwe idadi ya siku tangu ajifungue, kabla hata ya kutaja maumivu, kwa maana mama aliyekuja bila mtoto mgongoni huonekana kama mgonjwa mwingine yeyote wa tumbo na anaweza kupangwa kwenye foleni. Chukueni kadi ya kliniki na dawa zote anazotumia, na mtoto aende naye ili aendelee kunyonya.