Kuomba kibali cha kazi na cha ukaazi Tanzania Bara: mwongozo kwa mgeni aliyepata ajira

Viza inakuingiza nchini tu, haikuruhusu kuajiriwa. Hata viza ya biashara, inayolipiwa dola 250 kwa siku 90, ni ya shughuli fupi kama kununua bidhaa au kuja kufunga mashine. Ajira inataka vibali viwili kutoka ofisi mbili: kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, kisha kibali cha ukaazi kwa Idara ya Uhamiaji. Cha kazi kinatangulia. Mkenya au Mganda anayevuka Namanga au Mutukula bila viza, akishaajiriwa naye anavihitaji vyote viwili.

Kabla ya kujaza chochote, jua daraja lako, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Vibali vya kazi vina madaraja matano: A ni wawekezaji, B ni fani maalumu, kama madaktari, wataalamu wa mafuta na gesi, walimu wa sayansi na hisabati, C ni fani nyingine, D ni kazi za dini na hisani, E ni wakimbizi. Ukaazi una matatu: A mwekezaji, B mwajiriwa, C wengine kama wanafunzi, watafiti na wamisionari. Herufi hizo haziendani. Mhasibu ni C kwenye kazi lakini B kwenye ukaazi. Mmisionari ni D, kisha C.

Mwombaji wa kibali cha kazi ni mwajiri. Maombi hufanyika mtandaoni na malipo kwa namba inayotolewa na mfumo wa serikali, kwa hiyo mtu akikuambia utume ada kwenye simu yake binafsi, achana naye. Mwajiri anaambatisha barua ya maombi, mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, maelezo ya kazi, wasifu wako, nakala ya pasipoti, picha, vyeti vilivyothibitishwa, na nyaraka za kampuni: usajili, leseni na uthibitisho wa kodi. Cheti cha Kifaransa au Kireno kitafsiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza kabla hakijapakiwa.

Kinachokwamisha zaidi ni mpango wa kurithisha ujuzi, yaani maelezo ya jinsi Mtanzania atakavyofundishwa hadi aweze kushika kazi yako. Kamishna lazima aridhike kwamba Mtanzania wa kazi hiyo ametafutwa na hakupatikana. Ukiandika "tutamfundisha mzawa" na kuishia hapo, tegemea kuulizwa. Taja Mtanzania atakayefundishwa na cheo chake, atajifunza nini, katika miezi mingapi. Angalia pia majina: kama cheti kina majina mawili na pasipoti matatu, weka hati ya kiapo mapema.

Kibali cha kazi kikitoka, omba ukaazi ukikiambatisha. Usianze kazi kwa kisingizio kwamba ombi liko njiani. Risiti ya malipo si kibali. Kibali cha kwanza cha kazi hakizidi miezi 24, nacho kimefungwa kwa mwajiri aliyekuombea. Ukihamia kampuni nyingine, unaomba upya. Mwenza anayeingia kama mtegemezi wako naye haruhusiwi kuajiriwa hadi apate kibali chake.

Ukiwa na wazo la kufungua kaduka pembeni, liache. Amri ya Julai 2025 inawakataza wasio raia biashara 15, zikiwemo za rejareja (supamaketi zimeachwa), ufundi wa simu, uwakala wa pesa za simu, kuongoza watalii na kununua mazao shambani. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi.

Kituo chako cha kazi kikiwa Unguja au Pemba, kibali cha kazi cha Bara hakitumiki huko. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na ofisi yake ya kazi, ingawa Uhamiaji ni ileile ya Muungano.