Mwani wa kijani kutoka ndoo hadi neli: kuandaa sampuli ya asidi za mafuta

Ukiotesha Tetraselmis (mwani wa kijani wa seli moja) huko Mikindani, Mtwara, kwa ajili ya chaza au rotifa (wanyama wadogo sana wa majini), kipimo cha asidi za mafuta ndicho kinachoonyesha thamani ya chakula hicho. Sampuli nyingi huharibika kabla hazijafika kwenye mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha asidi hizo, na huko ndiko tutakokaa zaidi.

Ujue unachotarajia. Kwenye mwani wa kijani utakuta hasa 16:0, 18:1, 18:2 na 18:3, pamoja na 16:3 au 16:4. Namba ya kwanza ni kaboni, ya pili ni vifungo maradufu. Tetraselmis ina EPA (20:5) kidogo. DHA (22:6), ambayo kama EPA ni mafuta ya omega-3, karibu haimo. Majibu yakionyesha DHA nyingi, rudi kwenye hadubini: huenda ndoo imeingiliwa na mwani mwingine.

Hatua ya 1: Kuotesha. Chota maji ya bahari yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito, hasa msimu wa mvua wa Desemba hadi Aprili ambapo chumvi hushuka na tope huongezeka. Chuja kwa kichujio cha mikromita 1, kisha uyatakase. Tia virutubisho vya F/2: kwa kila lita, miligramu 75 za naitreti ya sodiamu na miligramu 5 za fosfeti ya sodiamu, pamoja na madini haba na vitamini. Silika usitie, hiyo ni ya diatomu, mwani wenye ganda la silika. Chini ya bati la Mtwara joto hupanda haraka, basi weka mitungi ndani ya beseni la maji kivulini na uandike nyuzi za asubuhi na mchana. Joto likizidi, sehemu ya asidi zenye vifungo vingi hupungua.

Hatua ya 2: Kuchagua siku ya kuvuna. Hapa ndipo penye uzito. Naitreti ikiisha, seli huacha kugawanyika lakini mwanga bado unazipa kaboni, nazo huihifadhi kama matone ya mafuta yenye 16:0 na 18:1 kwa wingi. Sehemu ya 18:3 na 16:4, ambazo makao yake ni utando wa kloroplasti, hushuka. Ndiyo maana ndoo moja ikivunwa siku ya 4 na siku ya 12 inaweza kutoa majibu kama ya mwani wa aina mbili. Hesabu seli kila siku, saa ileile, na vuna kwa chakula cha viumbe wakati bado zinaongezeka. Ukitaka wingi wa mafuta, ziache zikae na njaa ya nitrojeni siku kadhaa. Usilinganishe ndoo mbili zilizovunwa katika hatua tofauti za ukuaji.

Hatua ya 3: Kuvuna na kuosha. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 10, mwaga maji ya juu, kisha osha mara moja kwa amonia fomati (gramu 31.5 kwa lita). Chumvi ikibaki huongeza uzito wa uongo. Maji ya bomba yasiyo na chumvi hupasua seli za baharini na mafuta hupotea na maji ya kuoshea. Fomati huondoka yenyewe sampuli ikikaushwa kwa kugandishwa.

Hatua ya 4: Kuzima vimeng'enya. Barafu ya feri, ile ya soko la samaki, haitoshi. Vimeng'enya vya lipasi huendelea kukata mafuta, na friza ikiyeyuka umeme ulipokatika kazi huanza upya. Kama huna friza ya nyuzi −80, tumbukiza seli mara moja kwenye isopropanoli ya nyuzi 75 kwa dakika 5, mbali na moto wa wazi.

Hatua ya 5: Kugeuza kuwa esta za methili. Esta hizi ndizo mashine huweza kuzipima. Sampuli ikishakauka, pima miligramu 15 za mwani kwenye neli ya kioo yenye kifuniko cha teflon. Plastiki ya kawaida na vidole vitupu huchafua majibu. Ongeza miligramu 0.2 za asidi rejea ya 19:0 (kiasi kinachojulikana, cha kulinganishia nyingine), kisha mililita 2 za methanoli yenye asilimia 2 ya asidi ya salfuriki na BHT kidogo ya kuzuia oksijeni isiharibu mafuta. Asidi ndiyo humiminwa polepole kwenye methanoli, kamwe si kinyume chake. Puliza nitrojeni, funga vizuri, pasha nyuzi 80 kwa dakika 90. Ikipoa, tia mililita 1 ya heksani na mililita 1 ya maji ya chumvi, tikisa, uvute tabaka la juu.

Kwa nini 19:0 na si 17:0 inayotumiwa na wengi? Kwenye safu zenye polariti (aina ya mirija ya kutenganishia ndani ya mashine), vilele vya 16:2 na 16:3 kwenye chati ya majibu hutokea jirani na 17:0, na vikigongana hesabu yote inapinda. Tena, mchanganyiko rejea wa kawaida wa esta 37 hauna 16:3, 16:4 wala 18:4. Kilele kikubwa kisicho na jina kwenye mwani wa kijani usikifute. Kitambue kwa spektrometa ya masi, kifaa kinachopima uzito wa molekuli na vipande vyake.