Agosti 10, 2027 utaamkia kisiwa gani? Maandalizi ya kura kwa watu wa Lamu

Kabla hujagombana na mtu barazani juu ya nani awe gavana, jijibu hili: Jumanne ya Agosti 10, 2027, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, utaamkia wapi? Agosti huku kwetu upepo wa kusi bado unavuma. Siku ya kura ya mwaka 2022 kakangu alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, kule Kiwayu, na jina lake la mpiga kura liko Mokowe. Bahari ilichafuka, boti hazikupatikana, akakaa mchangani kutwa nzima akisikiliza redio. Sijasahau sauti yake kwenye simu.

Basi jiandikishe pale utakapokuwa. Kama umehama, nenda mwenyewe na kitambulisho chako halisi hadi ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge unakotaka kupigia kura. Lamu tuna mawili, Mashariki na Magharibi. Sheria inataka uhamisho uombwe si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Wewe usingoje Mei. Ramadhani ya 2027 itaanza Februari. Shughuli hii imalize kabla mwezi haujaandama.

Kijana uliyetimiza miaka 18, anza na kitambulisho. Chukua cheti cha kuzaliwa uende kwa chifu, na ukiambiwa urudi kesho, rudi. Nawaambia hivi kwa uchungu. Juni 2024 vijana wa Kenya walijaa barabarani hadi mswada wa fedha ukaachwa, na wengine hawakurudi nyumbani. Na sisi tuna yetu: bandari ya Kililana imekula maeneo ya uvuvi wa wazee wetu, na ilibidi kwenda Mahakama Kuu ya Malindi, ambayo mwaka 2018 iliamua wavuvi zaidi ya 4,000 wafidiwe shilingi bilioni 1.76. Mambo kama hayo hufuatiliwa na mbunge, seneta, gavana na mwakilishi wadi. Kwa hiyo usimpigie rais tu ukaziacha karatasi nyingine wazi.

Karatasi ni sita, kila moja na rangi yake: nyeupe ya rais, samawati ya gavana, manjano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, kahawia hafifu ya mwakilishi wadi. Tia alama moja kwa kila karatasi, kunja, kisha angalia rangi ya kifuniko cha sanduku kabla hujatumbukiza.

Mwaka huo wa 2022 nilikuwa karani kituoni, kisiwa cha Pate. Akaja mzee mmoja mvuvi, vidole vimelainishwa na mshipi na chumvi mpaka alama zimefutika. Akaweka kidole gumba, mashine ya kutambua wapiga kura ikakataa. Nikakipangusa kwa leso yangu, ikakataa tena. Vidole vyote kumi. Mzee akageuka, akasema kwa upole, "Basi mwanangu, si riziki yangu." Nikamwita, "Babu, rudi!" Tukamtafuta kwa nambari ya kitambulisho, jina na picha yake vikatokea, fomu ikajazwa, akapiga kura. Kwa hiyo mashine ikikataa kidole chako, usitoke. Omba utafutwe kwa nambari.

Bibi asiyeona vizuri anaruhusiwa kuja na mtu anayemwamini. Msaidizi huyo humsaidia mtu mmoja tu, naye huapa kutunza siri, kwa hiyo wajukuu wagawane mabibi mapema.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa tayari kwenye foleni saa hiyo, utapiga.

Usiku zitaanza kuzagaa sauti na picha kwenye simu, nyingine zimetengenezwa kwa kompyuta na zinafanana na mtu kabisa. Mimi sizisambazi. Kura huhesabiwa pale pale kituoni, na nakala ya Fomu 34A ya matokeo ya rais hubandikwa mlangoni. Nenda na tochi, isome mstari kwa mstari, ipige picha namba zote zikionekana, kisha ndiyo uitume kwa jamaa waliolala dago.