Majani ya mapukutiko kwa kioo cha tanuri

Nyumbani tukitaja vuli tunasikia mvua. Huku Ohio, Marekani, ninakoishi, miezi hiyo hiyo ya Oktoba na Novemba ndiyo ya majani kupukutika, na mti wa mepo (maple) hauyaangushi kimyakimya: unayageuza kwanza manjano, machungwa, mwisho mekundu kama kaa la moto. Kila Septemba mimi huanza kuyatengeneza kwa kioo ili yawahi Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Baada ya hapo tanuri linahamia kwenye miti ya Krismasi.

Naanza na jani, kwa sababu ndilo lenye hila.

Kwanza, kioo cha aina moja. Kila kioo hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, kila kimoja kwa kipimo chake. Vioo vya kazi hii huuzwa vikiwa na alama ya 90 au 96. Chagua moja, usizichanganye kamwe. Nyota yangu ya kwanza niliichanganya. Ilitoka tanurini nzima, nikaitundika, watu wakaisifu. Januari nikaikuta imepasuka pande mbili bila mkono wa mtu. Aliye Dar au Mombasa anaweza kuanza na mabaki ya kioo cha dirisha kutoka kwa fundi vioo, ila yatoke kwenye kioo kimoja. Kioo hicho kinataka joto la juu zaidi. Vipimo vyangu hapa chini ni vya alama 90.

Umbo. Jani la mepo lina ncha tano na mabonde marefu katikati yake, kama kiganja kilichokunjuliwa. Kisu cha kioo hakikati bonde la namna hiyo, ufa utakimbilia unakotaka wenyewe. Kwa hiyo sikati. Natumia chenga, yaani kioo kilichovunjwavunjwa, kinachouzwa kwa saizi kuanzia unga hadi punje kubwa kama za mahindi. Chora jani la upana wa sentimita 12 kwenye kadibodi yenye unene wa milimita 6, kata utoe jani, ubaki na tundu lake. Kikonyo kipe upana wa sentimita moja hata kama macho yanasema ni kinene. Kikonyo chembamba huvunjika siku ya kwanza.

Vaa barakoa ya N95 kabla hujafungua chupa ya chenga. Vumbi la kioo likiingia kwenye mapafu linaweza kuyadhuru. Meza ifute kwa kitambaa chenye maji, usifagie.

Kumimina. Tandika karatasi ya tanuri, ile ya kustahimili moto inayozuia kioo kisigande, juu ya kibao cha tanuri (si cha mbao), weka kadibodi juu yake. Jani la saizi hii linakula gramu 75 hadi 80. Tabaka la chini liwe chenga laini zisizo na rangi, kama theluthi moja ya uzito. Juu yake manjano kuzunguka kikonyo, machungwa katikati, nyekundu kwenye ncha, na mipaka iingiliane. Kusanya chenga ziwe kifuani zaidi kuliko pembeni, kwa sababu zikiyeyuka hewa hutoka na lundo hushuka karibu nusu. Mishipa ichore kwa kijiti cha meno, ujaze mfereji kwa unga wa kahawia. Inua kadibodi wima, taratibu, kisha sogeza kwa brashi punje zilizotoroka.

Sasa rangi zenyewe. Nyekundu, machungwa na manjano nyingi hupata rangi kutokana na seleniamu, kadimiamu na salfa, na baadhi yake hudanganya zikiwa baridi. Utanunua chupa yenye chenga zinazofanana na maji ya limau, na tanurini zitoke nyekundu. Soma lebo, usiamini macho. Chupa mpya ninaijaribu kwanza kwa kijiko kimoja pembeni ya kibao. Rangi hizo zikigusana na kioo chenye shaba, kama feruzi, mpakani huzuka mstari wa kahawia iliyokolea. Wengi huliita kosa. Mimi nanyunyiza unga wa feruzi kidogo sana kwenye kingo za jani makusudi, kwa sababu kahawia ile ndiyo ya jani lililoanza kukauka.

Moto. Panda kwa nyuzi 220 za Selsiasi kwa saa hadi 660, kaa dakika 20. Endelea kwa 300 kwa saa hadi 770, kaa dakika 10. Chungulia ukiwa na miwani ya kukinga macho: punje zikiwa bado kama sukari, ongeza dakika tano, zikiwa zimeviringika na kushikana, inatosha. Jani lililolainika kabisa kama sahani halina uhai. Kisha acha lishuke hadi 482, likae saa nzima. Hapo ndipo kioo kinatulia ndani na kuacha kuvutana chenyewe. Toka hapo shuka kwa 80 kwa saa hadi 370, uzime.

Tanuri nyingi za Marekani husoma Farenhaiti. Kwake, 770 yetu ni 1,418. Niliwahi kuandika 770 kama ilivyo, nikalala, asubuhi nikakuta chenga zangu zimekaa vilevile nilivyozimimina.

Usifungue mpaka ndani kuwe chini ya 50. Mwaka mmoja, usiku wa kuamkia Sikukuu ya Shukrani, nilifungua kwenye 200 ili nimwonyeshe dada yangu. Tulisikia *ta!* moja tu. Ukikuta ufa, uguse kingo zake: zikiwa kali, kimepasuka kikipoa, zikiwa zimeviringika, kilipasuka wakati wa kupanda, kabla hakijayeyuka, na kosa ni kukimbiza moto mwanzoni.

Ukitaka jani lijikunje, lilaze juu ya kisosi cha udongo kisichong'arishwa, kilichopakwa dawa ya tanuri inayozuia kioo kisigande, ulirudishe taratibu hadi 650 kwa dakika 10, kisha ulipoze kwa hatua zilezile.

Mti wa Krismasi ni rahisi, mistari yote imenyooka. Kata pembetatu ya kioo cheupe kinachopitisha mwanga, cha milimita 3, uipange juu yake vipande virefu vya kijani, vipana chini na vyembamba juu. Tabaka mbili hufanya milimita 6, unene ambao kioo kilichoyeyuka hukipenda: kikiwa chembamba zaidi husinyaa, kikiwa kinene husambaa. Kitanzi cha waya wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromu) kiweke kati ya tabaka hizo kabla ya moto. Waya wa shaba hugeuka mweusi na kukatika. Moto ni uleule, ila pale kwenye 660 kaa dakika 30 ili hewa iliyonaswa itoke.

Ncha zinazokwaruza zisugue kwa pedi ya almasi ndani ya bakuli la maji. Jani halina tundu, basi mimi hulizungushia waya mwembamba kwenye kikonyo, nikalitundika dirisha la kusini, ambako jua la Novemba hupita chini chini mchana kutwa.