SOMO: Kinga vyombo vyako visiungue umeme ukiruka

Kila umeme unaporudi naulizwa swali hili hili: nifanyeje umeme ukiruka, yaani volti zikipanda ghafla, vyombo visiungue? Naandika mara moja, someni hadi mwisho.

1. Umeme ukikatika, chomoa. Acha taa moja. Ikiwaka, subiri dakika chache ndipo uchomeke.

2. Mawingu yakianza kutanda, chomoa mapema, pamoja na waya wa antena na wa ruta. Kuzima swichi hakutoshi, radi huliruka pengo lile. Ikishaanza kupiga karibu, usiguse plagi.

3. Ekstensheni ya kawaida si kinga. Tafuta iliyoandikwa kiwango cha joule, yaani nishati ya ziada inayoweza kuimeza; hiyo ndiyo kinga. Kikubwa ni bora.

4. Erth, waya unaopeleka umeme ardhini. Hapa ndipo wengi wanaunguza vitu huku wakiamini wamejikinga. Ndani ya kinga kuna varista: volti zikipanda ghafla, inafunguka na kuimwaga ziada kwenye erth na kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme). Tundu la tatu ukutani si ushahidi, huenda nyuma yake hakuna waya. Fundi apime. Na msimruhusu aunganishe erth na nyutro ndani ya soketi! Nyutro ikikatika, bati la friji linakuwa na umeme na mtu anakufa. Tena varista huchakaa kila inapopigwa. Taa ya kinga ikizimika, badilisha, hata kama soketi zake bado zinatoa umeme.

5. Friji ipate gadi yake, ile inayochelewesha umeme dakika chache ili presha ya kompresa ishuke kwanza.

MASWALI

– Sijasoma yote. Ekstensheni yangu ina swichi nyekundu, inatosha?
– Hapana. Hatua ya 3.

– Nilikuwa na kinga na TV ikaungua. Hizi ni utapeli.
– Erth ulipima? Hujasema. Na radi ikipiga karibu kabisa hakuna kinga ya plagi inayoizuia, ndiyo maana kuna hatua ya 2.

– Mkuu, kwetu taa za vyumba vingine zinang'aa kupita kiasi, vingine zinafifia. Ni umeme kuruka?
– Umefanya vizuri kuuliza. Kama nyumba ina fezi tatu (nyaya tatu za umeme badala ya mmoja), huenda nyutro imelegea. Badala ya volti 230, upande mmoja unaweza kukaribia 400, na haupiti kufumba na kufumbua, unakaa. Varista itaungua yenyewe. Zima mein swichi sasa hivi, uite fundi.

– Kuna kinga ya nyumba nzima?
– Ipo, fundi huifunga kwenye mein swichi. Ya TV usiitoe, zinasaidiana.

– Pasi nayo niichomeke kwenye kinga?
– Ichomeke ukutani. Inavuta umeme mwingi, inaweza kuyeyusha ekstensheni.